Mwaka wa Sifuri

Baba alihesabu minandi kwa penseli.
Mei ya themanini na nne, kisiwa cha mawe kusini mwa Käina,
miti mitatu iliyouawa na mavi ya ndege:
viota saba. Akaandika 7, akaizungushia duara,
na pembeni: *upepo mkali, soksi zimelowa.*

Alipokufa, kaka yangu alichukua boti.
Mimi nikapewa madaftari
yanayonuka mafuta ya injini na samaki wa moshi.

Novemba, saa kumi jioni, giza tayari.
Mezani jikoni nikaingiza miaka safu ya kushoto,
viota safu ya kulia, nikaiambia kompyuta:
nitafutie mkunjo unaopita humu,
ule wa vitu vinavyozaana, wa deni na hamira.

Ikauchora. Loo, ulipita kando ya kila nukta ya baba
kama mkono unaopapasa ukuta gizani.
Chini yake ikaandika kanuni fupi, nadhifu:
sifuri, mara e kwa kipeo cha sifuri nukta sifuri tisa
mara mwaka.

Sifuri mara chochote.

Nikampigia Taavet, yuko Tartu.
"Si sifuri," akasema, mkate mdomoni. "Ni ndogo tu.
Iambie ikuonyeshe tarakimu zote."
Ikanionyesha: nukta, sifuri sabini na saba, kisha mbili.
Hicho ndicho kiota kilichokuwako, yasema mashine,
mwanzoni mwa kalenda,
maana huko ndiko ilikoanzia kuhesabu,
karne ishirini kabla baba hajawasha injini.
Hakitoshi hata unyoya mmoja.

Haya. Nikakichukua vivyo hivyo,
nikatia mwaka elfu mbili na nne na ile sifuri tisa.
Jibu: viota vinne.
Nami Mei ile nilivihesabu mwenyewe, arobaini na vitatu,
mwavuli kichwani, mbingu wazi
(anayewajua minandi hataniuliza kwa nini).

Kosa lilikuwa mkiani.
Kipeo hakikuwa sifuri tisa. Kilikuwa sifuri tisa moja mbili,
na mashine, kwa adabu, iliumega mkia kanuni ipendeze.
Moja, mbili. Makombo ya mezani.
Lakini yazidishe makombo mara elfu mbili na nne,
kisha yapandishe yakawe kipeo:
haba na haba hujaza kibaba,
na ikizidi hukipasua.
Ilivigawa viota vyangu kwa kumi na moja.

"Hamisha sifuri," akasema Taavet.
Niihamishie wapi?
"Karibu na vitu vyako. Yesu hakuhesabu minandi."

Nikafuta 1984, nikaandika 0.
Nikafuta 1985, nikaandika 1.
Nikashuka hivyo hivyo, chai ikapoa, hadi 20.
Kanuni ikarudi:
saba, mara e kwa kipeo cha sifuri nukta sifuri tisa…

Saba. Ile ya duara.
Na kwa kipeo kilekile kilichokatwa mkia
mwaka wa ishirini ukatoa arobaini na viwili.
Kimepotea kimoja. Kimoja nakivumilia;
hata baba, ikipiga mvua ya ubavuni, alikosea kimoja.

Mwanangu Kaur akachungulia begani.
"Mwaka wa sifuri ndio upi?"
Ni mwaka babu alipolowa soksi.

Mwaka wa ishirini na moja mkunjo ulisema arobaini na sita.
Tulikuta tisa.
Mtu alipita na mti mrefu, akaviangua vingine vyote,
na maganda ya mayai yalikuwa bado hayajakauka.
Nikaandika 9. Sikuizungushia duara.
Pembeni: *upepo hakuna. Soksi kavu.*